Ndege wa Hampshire

Nilipokuwa nikitunza wazee kwenye makao yao huko Hampshire, kusini mwa Uingereza, nilipanga chumba kwa mzee mmoja mstaafu. Macho yalikwisha kumtupa mkono, lakini masikio alikuwa nayo. Nikitoka zamu ya usiku mwezi wa Aprili, kabla sijalala, alinikokota mpaka msitu wa Selborne.

Selborne ni kijiji cha kasisi Gilbert White. Mwaka 1768 aliandika kwamba ndege fulani wadogo wa kijani hafifu, ambao watu waliwadhania aina moja, kumbe ni aina tatu. Aliwatambua kwa nyimbo zao, na mpaka leo kazi hiyo ni ya sikio. Wa kwanza, chifchafu, hutamka jina lake, anarudia, anarudia. Wa pili anafanana naye mno, ila rangi ya miguu haijakolea, na wimbo wake huanzia juu ukateremka taratibu. Wa tatu siku hizi ni adimu upande huo. Mzee alinisikilizisha wimbo wake kwa kuzungusha sarafu juu ya meza ya jikoni: mlio ulizidi kwenda mbio kadiri sarafu ilivyokaribia kulala.

Kwenye nyua za miiba kandokando ya mashamba aliimba mwingine, koo jeupe, sauti ya kukwaruza. Mzee aliyakumbuka majira ya kuchipua ya 1969, nyua zilipopoa. Zaidi ya theluthi mbili ya ndege hao hawakurudi. Ukame wa Sahel barani Afrika, wanakokimbilia kuepuka baridi, uliwamaliza. Mimi ukame ule niliusoma shuleni kama habari ya wafugaji na ng'ombe. Kumbe uliwahi kufika hata huku!

Niliyempenda hasa ni yule aliyepewa jina la mji wa Dartford. Tulimkuta kwenye nyika za New Forest, juu ya kichaka cha miiba chenye maua ya njano: kifua rangi ya divai, macho mekundu, mkia juu. Akatufokea, akazama kichakani. Huyu hahami. Katika baridi kali ya 1962 hadi 1963 theluji ilifunika vichaka anamosaka buibui, na nchi nzima zikabaki jozi 11 hivi.

"Mzee wangu," nikasema, "si angekwenda Afrika kama wenzake?"

"Wenzake wa mwaka 1969?"

Tulibishana mpaka kituo cha basi.