Swali la Hewa

Elite Dangerous, mchezo uliotoka Desemba 2014, umeichora galaksi yetu kwa ukubwa wake halisi: mifumo ya nyota bilioni 400. Mafuta huchotwa kwenye nyota, ila si zote. Ni za aina O, B, A, F, G, K na M tu. Ukiishiwa mbali nazo, umeme wa chombo huzimika na hewa ya dharura huanza kuhesabiwa. Chombo cha bei rahisi kina dakika 5.

Hapo huitwa Fuel Rats, wachezaji wa kujitolea walioanza mwaka 2015. Mimi ni mratibu, sirushi chombo. Kabla ya "uko wapi?" nauliza, "Hewa inahesabiwa?" Akisema ndiyo, namwambia atoke mchezoni papo hapo, asubiri kwenye menyu. Akiwa nje, saa husimama.

Wengi hawaamini. Mmoja alikuwa na kazi ya miezi mitatu, nyota alizozipima na hajauza taarifa zake. Chombo kikiharibika, zote zimekwenda.

"Nikitoka nitapotea," aliandika.

"Toka. Waokoaji wawili wako njiani."

Kimya. Nikaacha tasnifu yangu ikiwa wazi, nikasubiri.

Waokoaji walipofika nilimrudisha: jiunge na kikosi, washa taa ya wito. Zilibaki sekunde 50. Droni ya kwanza ikamtilia tani moja.

"Nawadai nini? Yaani, mnanidai nini?"

Hatulipwi. Nikamwandikia zile herufi saba.