Staa Wetu, Kopo Lako la Vitamini C Linatuponza

Kuna staa mmoja hapa mjini, jina nalihifadhi, kila siku anaposti vidonge vya vitamini C. Eti ukimeza, mafua utayasikia kwa jirani. Watu wanamwamini, mdogo wangu akiwemo.

Ukweli ni huu. Tafiti zimepima: kwa watu wa kawaida kama sisi, kumeza vitamini C kila siku hakuzuii mafua. Kunapunguza siku za kuumwa kidogo tu, kama asilimia 8 kwa mtu mzima. Ukianza kumeza pua ikishachuruzika, ndo hamna kitu kabisa. Ukizidisha miligramu 2,000 kwa siku, tumbo litakuendesha. Na pera moja tu la sokoni linakutosha siku nzima!

Kinachoniuma siyo hela. Dogo anakohoa wiki ya tatu sasa, nikimwambia twende hospitali ananionyesha kopo. Jamani, kikohozi kikipita wiki mbili unapimwa TB, na vituo vya serikali wanapima bure. Kesho namkokota mwenyewe.

Staa wetu, biashara fanya, ila na hilo waambie. Kwenu nani anatibiwa na Insta? Dondosha komenti.