Safari ya Vidunda: Maji ya Bondeni Hutunzwa Mlimani

Ukitoka Mikumi na kuishika njia iendayo Ifakara, milima ya Vidunda utaiona upande wako wa kuume. Ukifika Kidodi, iache barabara kuu uanze kupanda. Ukiwa juu, geuka utazame ulikotoka. Chini yako mashamba ya miwa yametandazwa kama mkeka. Upande wa kusini wapita mto Ruaha Mkuu, ambao ndio huitenga milima hii na ile ya Udzungwa. Pale Kidatu mto huo ulizibwa kwa bwawa, na tangu mwaka 1975 maji yake hutupa umeme.

Nchi yapendeza kweli. Lakini leo nataka tufuatane, mimi nawe, katika safari ya tone moja la mvua.

Mvua ikinyesha juu ya msitu, majani hulipokea tone kwanza, nayo mboji ya chini hulipokea mara ya pili. Hulizama ardhini polepole, na baada ya siku nyingi hutokea bondeni katika chemchemi, safi na baridi. Lakini mvua ileile ikianguka juu ya shamba lililolimwa kufuata mteremko, haina wa kuizuia. Hukimbia. Hukokota udongo, mavi ya ng'ombe na mbuzi, na kinyesi cha watu kilichoachwa vichakani, ikavimwaga vyote katika chemchemi hiyohiyo. Mama ateka maji mekundu. Siku chache baadaye mtoto aharisha, na watu waulizana ni nani aliyemroga. Kumbe ugonjwa uliteremka na mvua!

Wala hili si jambo la kijiji kimoja tu. Mto Mkondoa hukusanya mvua zilizonyesha mbali, upande wa Mpwapwa. Mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010 ulilivunja tuta lililoukinga mji wa Kilosa. Maelfu ya watu walipoteza makao, na reli ya kati ikakatika. Na gharika ikiisha kuingia vyooni, vya chooni na vya kisimani huwa kitu kimoja. Tuta la mjini ni kinga ya mwisho. Kinga ya kwanza iko juu, kwenye jembe lako na langu.

Wataalamu wa maji hutufundisha kazi tatu, nazo zote zawezekana kijijini.

Kazi ya kwanza ni kuyapunguza maji mbio. Twaa miti miwili iliyo sawa kwa urefu, uifunge pamoja juu na kuitanua chini, kisha funga mti wa tatu katikati, ipatikane sura ya herufi A. Ning'iniza jiwe kwa kamba kutoka juu. Simamisha kipimo chako, weka alama kamba inapougusa mti wa katikati. Geuza miguu, kila mmoja ukae mahali pa mwenzake, uweke alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Basi tembeza kipimo hicho kukata mlima, si kushuka, ukipigilia vigingi, na hapo chimba makingamaji. Wenzetu wa Machakos, Kenya, huutupa udongo upande wa juu wa mfereji, nao huiita kazi hiyo fanya juu. Panda mabingobingo juu ya tuta, mizizi ilishike.

Lakini kazi hii yataka hiari. Katika milima ya Uluguru serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu kuchimba ngazi, na mahali pengi udongo usio na rutuba ukaletwa juu. Mwaka 1955 hasira zililipuka kule Matombo, na kazi ikaachwa. Shauri lisilopatana na watu wala na udongo halidumu.

Kazi ya pili ni kuyageuza. Maji hufuata mkondo, husema wazee. Basi mkondo uuchimbe wewe. Juu ya chemchemi, hatua kumi au zaidi, chimba mfereji wa kuyapeleka maji ya mvua pembeni. Kisha fukua mpaka jichoni penyewe, panga mawe na kokoto safi, funika kwa udongo wa mfinyanzi, jenga ukuta mbele na kupitisha bomba. Zungushia ua ili mifugo isikanyage. Hivyo maji hutoka gizani na kuingia ndooni bila kuguswa.

Kazi ya tatu ni kutenga choo na maji. Mjini London mwaka 1854 kipindupindu kiliua mamia ya watu katika mtaa mmoja. Daktari John Snow alionyesha kwamba wengi walikunywa maji ya kisima kimoja. Walipokichunguza, waliona shimo la uchafu la nyumba ya jirani lilikuwa karibu nacho, haikutimia mita moja, nalo likivuja. Kwa hiyo choo kisipungue mita 30 kutoka maji ya kunywa, wala kisikae upande wa juu yake. Kitako cha shimo kisiyafikie maji ya ardhini. Pawe na mita 1.5 au 2 za udongo mkavu, hata wakati wa masika. Penye mawe yaliyopasuka au mchanga mwingi, sogea mbali zaidi, kwani huko uchafu husafiri upesi. Na pamoja na hayo yote, maji ya kunywa yachemshe.

Mvua za kwanza zikianza, usijifungie ndani. Jifunike gunia, waite jirani zako, mwende mkasimame juu ya chemchemi yenu. Tazameni maji machafu yashukia wapi. Hapo ndipo pa kupigilia kigingi cha kwanza.