Hodi Isiyojibiwa

Mtu wa Visiwani hufunzwa tangu utotoni kuwa hodi hupigwa mara tatu. Isipojibiwa, mgeni hurudi alikotoka bila ya kinyongo, kwani kimya cha nyumba hakisemi kama wenyewe wamelala, wametoka au wamo msibani. Adabu hiyo husahauliwa upesi mbele ya kompyuta ya mezani. Kibodi isipoitika, vidole huongeza nguvu. Kipanya kisipotembea, hupigwapigwa juu ya meza kama pweza juu ya jabali. Mwishowe mkono hunyooka ukutani, waya wa umeme ukachomolewa, na kazi ya mchana kutwa ikaenda na maji.

Wahenga walikwisha sema kuwa mjumbe hauawi. Kibodi na kipanya ni wajumbe tu. Kibodi ni mrithi wa mashine ya kupiga chapa, ambayo Christopher Latham Sholes na wenzake waliipatia hataza huko Marekani mwaka 1868. Kipanya ni mdogo wake wa mbali: cha kwanza kilibuniwa na Douglas Engelbart, kikaundwa na Bill English mwaka 1964 kwa kijibweta cha mti chenye magurudumu mawili, na kikaonyeshwa hadharani mjini San Francisco tarehe 9 Disemba 1968. Tangu hapo mwanadamu huzungumza na mashine kwa mikono, na ulimi wake mara nyingi haupati zamu. Ndiyo maana wajumbe hawa wawili wakinyamaza pamoja, aliyeketi mbele ya kiwambo hujiona bubu.

Ni vyema kujua ujumbe wenyewe hupita wapi. Chini ya vitufe vya kibodi nyingi za kawaida mna karatasi tatu za plastiki. Ya juu na ya chini zina mistari ya kupitisha umeme, na ya kati imetobolewa matundu. Kitufe kikibonyezwa, mistari hugusana kupitia tundu lake, kidude kidogo ndani ya kibodi hutambua ni kitufe gani, na habari hupelekwa kwa waya hadi kwenye kompyuta. Ipo alama moja ya kuupima msafara huo, nayo ni taa ya Num Lock. Wengi hudhani taa ile huwashwa na kibodi yenyewe. La hasha. Kibodi hupeleka habari kuwa kitufe kimebonyezwa, kisha kompyuta ndiyo inayorudisha amri kuwa taa iwake au izime. Basi ikibadilika, salamu imekwenda na jawabu limerudi. Kibodi, njia na kichwa vyote vi hai, na kasoro itafutwe kwengine, pengine katika programu moja iliyoganda. Isipobadilika, mahali fulani baina ya kidole na kichwa pamekatika.

Hapo ndipo panapotakiwa akili kuliko nguvu. Ni nadra vifaa viwili vizima kufa katika dakika moja. Kipanya kikinyamaza peke yake, na atazamwe kipanya. Kibodi ikinyamaza peke yake, na itazamwe kibodi. Lakini vikinyamaza vyote viwili kwa pamoja, haifai kumlaumu huyu wala yule. Hutafutwa kile wanachoshirikiana.

Mnakili mmoja wa mashairi, mtu wa Ng'ambo, aliazimwa daftari la zamani na jamaa za Pemba. Lilikuwa na utenzi ulioandikwa kwa hati ya Kiarabu, na wino wake ulikuwa umeanza kufifia. Aliahidi kulirudisha kwa boti ya asubuhi, na ahadi aliitimiza. Usiku ule alikuwa amekaa akizichapa beti za mwisho kwa hati ya Kirumi, na mchana wake akaendelea kuzisahihisha. Beti thelathini na kitu zilikuwa bado kuhifadhiwa pale kishale kiliposimama, na herufi zikakataa kutoka. Alibonyeza, akabonyeza. Akauinamia waya wa umeme.

"Babu, usichomoe," alisema mjukuu wake wa kike aliyekuwa akifanya hesabu zake pembeni. "Tazama saa ile ya kwenye kona."

Wakaitazama. Dakika ikageuka.

"Inakwenda," alisema mzee.

"Basi yenyewe i hai. Ingekuwa imeganda, na saa ingesimama. Ngoja kwanza, babu yangu."

Binti akabonyeza Num Lock, taa haikutikisika. Akapeleka mkono nyuma ya meza. Waya wa kibodi na waya wa kipanya vilikuwa vimechomekwa katika kigawanyo kimoja cha USB, pamoja na feni ndogo ya kupooza joto. Akavichomoa vyote, akaipachika kibodi moja kwa moja katika tundu jengine, nyuma ya kompyuta yenyewe. Taa ikawaka. Akapachika kipanya; kishale kikatembea. Jambo la kwanza alilolifanya mzee ni kuhifadhi. Baadaye walikirudisha kigawanyo kitupu, wakachomeka kifaa kimoja baada ya chengine, na ilipofika zamu ya feni kimya kikarudi. Waya wake ulikuwa umechubuka. Tundu la USB hutoa umeme wa volti tano kwa kiasi maalumu. Kifaa kimoja kikivuta kupita kiasi, mashine huweza kuufunga mlango mzima, na wasio na hatia wakafungiwa pamoja na mkosa. Kikulacho ki nguoni mwako.

Katika kisa hiki mna sheria mbili zenye kufaa kushikwa. Ya kwanza ni kuanza nje na kuingia ndani: waya, tundu, kigawanyo, kifaa chengine kilicho kizima, kisha programu. Kwa vile visivyo na waya, betri na kile kipokezi chake huja mbele ya yote. Ya pili ni kubadilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja. Anayebadilisha matano kwa pamoja huweza kupona, lakini hatajua dawa iliyomponya.

Aidha, mashine za zamani zina desturi yao. Matundu ya mviringo ya PS/2, yaliyoingia na kompyuta za IBM mwaka 1987 na baadaye yakatiwa rangi ya zambarau kwa kibodi na kijani kwa kipanya, hayakukusudiwa kuchomekwa mashine ikiwa inawaka. Waya ukichomoka, mara nyingi hautambuliwi tena mpaka kompyuta izimwe na kuwashwa upya. USB, iliyotoka mwaka 1996, imeondoa udhia huo.

Ikiwa nje kote ni salama, lipo swali la kuitenga mashine na programu. Kompyuta ikiwashwa, kabla ya mfumo endeshi kuamka, hubonyezwa Delete au F2, kwa kutegemea muundo wake, ili kufungua ukurasa wa mipangilio ya msingi. Kibodi ikifanya kazi humo kisha ikanyamaza baada ya mfumo kuamka, aghalabu kasoro imo katika programu. Mfano mzuri ni Windows 7 ya mwaka 2009, iliyotoka bila ya programu za kuendeshea matundu ya USB 3.0. Waliojaribu kuiweka katika mashine za miaka ya baadaye waliona kibodi na kipanya vikifa pale pale mwanzoni mwa kazi. Na Oktoba 2025 sasisho moja la Windows 11 lilivinyamazisha vifaa vya USB ndani ya ukumbi wa uokozi, yaani mahali penyewe panapokimbiliwa mashine inapougua, ingawa katika kazi za kawaida vilikuwa vizima. Dawa yake ilitolewa baada ya siku chache.

Pengine kimya ni utiifu. Katika Windows, kuishikilia Shift ya kulia kwa sekunde nane huita huduma iliyowekwa kwa wenye mikono yenye kutetema, na ikikubaliwa, kibodi huacha kusikia mibonyezo mifupi. Mtu aliyeegemeza kidole huku akitafuta kina huweza kuiamsha bila ya kujua, kisha akadhani kibodi imekufa.

Visiwa navyo vina maradhi yao. Hewa ya bahari hubeba chumvi, na chumvi huvuta unyevu. Midomo ya waya hushika kutu, na kitambaa kikavu au pamba yenye spiriti kidogo, kifaa kikiwa kimechomolewa, huweza kurudisha uhai. Umeme nao una visa vyake. Unguja haijasahau Mei 2008, waya wa chini ya bahari ulipoharibika na giza likakaa karibu mwezi mzima, wala Disemba 2009, lilipoingia giza jengine la miezi mitatu. Waliokuwa wakifanya kazi kwa jenereta wanajua maana ya umeme kukatika katikati ya sentensi.

Kwa hivyo, kabla ya kuchomoa, ijulikane kuwa mkono mmoja huweza kumnusuru mwenziwe. Kibodi ikifa, kipanya peke yake hufika kwenye menyu na kuhifadhi kazi. Kipanya kikifa, Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na Num Lock zikibonyezwa kwa pamoja, na swali litakalotokea likakubaliwa, vitufe vya tarakimu hukiendesha kishale. Vikifa vyote na kifaa cha kuazima kisipopatikana, kitufe cha kuwashia kikibonyezwa mara moja kwa ufupi huweza kuuomba mfumo ujifunge kwa adabu. Kukishikilia kwa sekunde kadhaa ni kuukata roho, na hilo huachiwa mwisho.

Kiswahili kimebahatika kuwa na neno moja kwa mambo mawili. Aliyelitia shairi moyoni amelihifadhi. Aliyeliweka katika kompyuta naye amelihifadhi. Wa kwanza alirudia ubeti hata ukakaa ndipo akauendea wa pili, kwani alijua kuwa usiorudiwa haupo. Wa pili huona herufi mbele ya macho yake akadhani zimekwisha kuwa mali yake, kumbe bado ni umeme unaosubiri kukatika. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mshairi wa kompyuta naye na afanye kama yule wa moyo: kila ubeti ukitimia, auhifadhi, ndipo aufungue mwengine.