Paka wa Lamu

Atembeaye Usita wa Mui, Lamu, wakati wa alfajiri, hukutana na paka kabla ya watu: wamejilaza barazani, au wamewazunguka wavuvi ufuoni wakingoja matumbo ya samaki. Mji huu wa kale, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, ni wao pia.

Lakini paka huficha maradhi. Hujitenga uvunguni akanyamaza. Basi na tuzitambue dalili. Akisusa chakula siku nzima, akihema kinywa wazi, au fizi zikigeuka nyeupe au manjano, asingojwe. Dume anayejikakamua asitoe mkojo yumo hatarini zaidi: njia imeziba, na siku mbili zaweza kumuua. Apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Wala asipewe parasetamoli. Kidonge kimoja chaweza kumuua.

Twaijua hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie. Paka mgonjwa naye hawezi kujitafutia. Amefungwa na maradhi, na mlango wake uko mikononi mwetu.