M*A*S*H Bila Kicheko

Tarehe 8 Januari 2002 kampuni ya 20th Century Fox ilitoa nchini Marekani msimu wa kwanza wa M*A*S*H katika kasha la DVD: diski tatu zenye sehemu 24, zile zilizorushwa na CBS kuanzia Septemba 1972 hadi Machi 1973. Wengi walilinunua kwa sababu walikipenda kipindi hicho tangu zamani. Mimi nililikuta chumbani kwa mzee niliyekuwa nikimhudumia, na kilichonishika hakikuwa picha safi wala kuepukana na matangazo ya biashara. Ulikuwa mstari mmoja kwenye menyu ya sauti, uliompa mtazamaji ruhusa ya kukiondoa kicheko.

Kwa miaka yote ya kurushwa kwake Marekani, M*A*S*H ilikuwa na watu wasioonekana ambao kazi yao ni kucheka. Daktari akitania, wanacheka. Kamanda akibabaika, wanacheka. Hawakuwa na mahali pa kukaa ndani ya yale mahema. Kicheko chao kilikuwa kimerekodiwa kwingine, kikaja kubandikwa juu ya picha baada ya waigizaji kumaliza kazi yao na kwenda nyumbani.

Kwa asiyekijua kipindi chenyewe, mahali pake ni hospitali ya upasuaji ya jeshi la Marekani, namba 4077, iliyopigwa mahema karibu na mstari wa mbele katika vita vya Korea, 1950 hadi 1953. Wapasuaji wawili, Hawkeye (Alan Alda) na Trapper John (Wayne Rogers), wanatengeneza gongo yao wenyewe hemani na kuwachokoza wakubwa, ila helikopta zikisikika wanatupa kila kitu na kukimbilia majeruhi. Larry Gelbart alikiandaa kwa ajili ya televisheni kutokana na filamu ya Robert Altman ya 1970, nayo filamu ilitoka kwenye riwaya ya Richard Hooker, jina la kalamu la daktari aliyefanya kazi kwelikweli katika hospitali ya namna hiyo huko Korea. Vita vile vilidumu miaka mitatu, kipindi kikadumu misimu kumi na mmoja, na sehemu ya mwisho, Februari 1983, ilitazamwa na Wamarekani zaidi ya milioni mia moja.

Hayo yote nilikuja kuyajua baadaye. Nilipofika Lowell, Massachusetts, nikaanza kazi ya usaidizi wa wauguzi katika makao ya wazee, M*A*S*H ilikuwa sauti tu ya jioni. Lowell ina Wakenya wengi, na zamu za usiku tulizikabidhiana kwa Kiswahili: nani kala, nani kakataa dawa, nani ageuzwe ubavu saa nane. Huku nyuma televisheni ya ukumbini ikirusha marudio. Nilikuwa naingia na kutoka nimebeba mashuka, kwa hiyo kipindi nilikisikia kuliko nilivyokitazama, na kwa kukisikia tu niligundua jambo. Kulikuwa na wakati kile kicheko kinakatika ghafla, kama bomba lililofungwa, na kubaki milio ya vyuma na watu wakiomba vibanio na damu. Kisha wanatoka nje, mtu anasema neno, umati unaangua tena kicheko. Nilidhani ni hitilafu ya mitambo.

Haikuwa hitilafu, yalikuwa makubaliano. Gelbart na mtayarishaji mwenzake, Gene Reynolds, hawakukitaka kicheko hata kidogo. CBS ikashikilia kwamba kipindi cha vichekesho cha nusu saa lazima kiwe nacho, maana hivyo ndivyo vilivyokuwa vyote vya wakati ule. Tangu miaka ya 1950 mhandisi mmoja, Charles Douglass, alikuwa na mashine iliyohifadhi vicheko vya kila aina, cha chini chini, cha kishindo, cha mtu mmoja aliyechelewa kuelewa, naye alivichomeka palipohitajika kwa kubonyeza vitufe. Mwishowe pande mbili zikapatana: vicheko viwepo, lakini visiingie kamwe chumba cha upasuaji. Uingereza hawakuhitaji mapatano hayo. BBC ilikirusha bila kicheko, na kuna kizazi kizima cha Waingereza ambacho hakikujua kwamba Wamarekani walikiona kipindi hichohicho wakiwa na umati sebuleni.

Mzee niliyemtaja alikuwa amekwenda Korea akiwa kijana, akiendesha ambulensi. Ukumbini hakukaa. Alikuwa na televisheni yake chumbani, na marudio ya M*A*S*H aliyatazama kila yalipokuja, lakini sauti akiizima kabisa. Nilipokuwa mgeni nilidhani haisikii vizuri, nikamwongezea sauti kwa rimoti. Akaipunguza taratibu mpaka mwisho, wala hakunigombeza. Alikubali kuyakosa maneno yote ya Gelbart, na ni maneno matamu sana, ili tu asisikie wale watu wakicheka.

Mwanawe ndiye aliyemletea kasha lile, na ndiye aliyeuona mstari wa kwenye menyu. Jioni hiyo niliingia kumpima presha nikamkuta mzee kakaa wima kitandani na televisheni inaongea. Aliniambia, “Kaa kidogo, sista. Kule hakukuwa na mtu akicheka nyuma yetu.” Neno la sista alikuwa amelizoea kutoka kwetu, maana ndivyo tulivyoitana.

Tulianza na sehemu ya kwanza kabisa. Hawkeye na Trapper wanataka kumpeleka kijana wa Kikorea anayewahudumia, Ho-Jon, akasome chuo alichosoma Hawkeye huko Maine. Fedha hawana, hivyo wanaandaa bahati nasibu, na zawadi ni mapumziko ya siku mbili Tokyo pamoja na muuguzi mrembo, Luteni Dish. Tiketi zinauzwa, wanaume wanashangilia, na mshindi anatokea kuwa Padri Mulcahy. Ukiisikia na kicheko ni utani mwepesi: padri kashinda msichana, basi, tumepona. Ukiitazama bila kicheko unabaki na uso wa Luteni Dish. Hakuna anayekuambia sasa ni wakati wa kufurahi. Unaona mwanamke msomi, mwenye cheo, anayesimama kwa muda wa saa kumi na mbili kwenye chumba cha upasuaji, amewekwa kwenye kapu la tiketi na wenzake wa kazi, na unajiuliza yeye anaonaje.

Mimi nilikuwa naanza kusomea uuguzi jioni, na jambo hili lilinigusa kuliko lilivyomgusa mzee. Msimu wa kwanza umejaa wauguzi ambao wapo ili wakimbizwe. Wengi hawana hata jina la kudumu: leo muuguzi huyu anaitwa hivi, wiki ijayo vile. Mmoja aliyekuwa na jina lake ni Luteni Ginger Bayliss, muuguzi Mweusi aliyeigizwa na Odessa Cleveland, na nilikuwa nikimtafuta katika kila sehemu hata anapopita tu nyuma ya mwingine. Kulikuwa pia na mpasuaji Mweusi, Daktari Jones, aliyeigizwa na Timothy Brown. Alikuwa amepewa jina la utani la dharau ambalo hakuna anayelikemea, na kabla msimu haujaisha akatoweka bila maelezo. Katika marudio ya televisheni, ambako sehemu zilipunguzwa ili matangazo yapate nafasi na kurushwa bila mpangilio, mtu kama huyo usingejua alifika lini na kaondoka lini. Diski zilizipanga sehemu kwa kufuatana na kuzirudishia dakika zake. Ndipo nikaona pengo.

Kipindi kilibadilika baadaye, na nakipenda kwa sababu kilibadilika. Margaret Houlihan wa Loretta Swit, ambaye mwanzoni ni mkuu wa wauguzi wa kudhihakiwa, katika msimu wa tano anawaeleza wauguzi wake jinsi alivyoumia kwa kutoalikwa hata mara moja kwenye kikombe chao cha kahawa. Katika msimu wa mwisho Muuguzi Kellye, aliyekuwa akipita tu nyuma ya wengine kwa miaka, alipewa sehemu nzima yake mwenyewe. Lakini hayo ni ya mbele. Mwaka 2002 tulikuwa na msimu wa kwanza tu, na ubaya wake ulikuwa wazi mbele yetu bila kitu cha kuulainisha.

Na uzuri wake pia. Sehemu ya 17 ilirushwa tarehe 28 Januari 1973, siku moja baada ya kutiwa saini mapatano ya Paris ya kuvimaliza vita vya Vietnam. Rafiki wa Hawkeye tangu utoto, mwandishi wa habari aliyejiunga na askari wa miguu ili aandike kitabu kuhusu vita, anakuja kumsalimia. Wanacheka sana pamoja. Baadaye analetwa kwenye machela na kufia mikononi mwa Hawkeye. Wakati huohuo kuna mwanajeshi kijana, Ron Howard akiwa bado barobaro, aliyedanganya umri ili apate kupigana, na Hawkeye alikuwa ameahidi kumfichia siri. Kamanda Henry Blake anamkuta Hawkeye akilia nje ya chumba cha upasuaji, na kumwambia kwa upole kuwa vita vina kanuni mbili: ya kwanza vijana hufa, na ya pili madaktari hawawezi kuibadilisha ya kwanza. Hawkeye anakwenda moja kwa moja kumtaja yule kijana arudishwe kwao, na kijana anaapa kumchukia maisha yake yote.

Hapo niliielewa sababu ya Gelbart kupigana. Kicheko cha kubandikwa hakikukuharibia kilio, maana kwenye chumba cha upasuaji kilikuwa kimekatazwa. Kiliharibu kule mwanzo, marafiki wawili wanapotaniana. Ukiwa na umati, unajua hizi ni dakika za utani na zile zitakuwa dakika za huzuni, kila moja na boma lake. Ukiuondoa, utani wa marafiki wale unakuwa wao wenyewe wakijikinga, na huzuni imo ndani yake tangu salamu ya kwanza.

Babu yangu alikuwa keya, yaani askari wa jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, akapelekwa Burma katika Vita vya Pili vya Dunia. Hadithi zake zote za Burma zilikuwa za kuchekesha: nyumbu aliyekataa kuvuka mto, afisa aliyevaa buti lenye nge. Sisi wajukuu tulikuwa tukiangua kicheko, naye akingoja tumalize ndipo aendelee, na mara nyingine hakuendelea. Nilipokaa na mzee wa Lowell nikitazama watu wakitania karibu na machela, nilitamani babu awe hai, nimwombe asimulie tena habari ya nyumbu, nami ninyamaze mpaka afike mwisho.

Mzee wangu wa ambulensi alizungumza zaidi katika majuma yale kuliko katika muda wote niliokuwa nimemjua. Hakusimulia vita kwa mpangilio. Alikuwa akisimamisha picha kwa rimoti, jambo ambalo marudio ya televisheni hayakumruhusu, na kuonyesha kitu: hapa machela imefungwa vibaya, pale wangekuwa wamevaa makoti, Korea ina baridi ya kuua na hawa wanaigiza milimani California. Alinieleza jinsi majeruhi walivyofungwa nje ya helikopta ndogo, mmoja kila upande, na kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiwachukua wasiopata nafasi. Kisha anabonyeza, picha inaendelea.

Misimu mingine ilitoka mmoja baada ya mwingine, na Novemba 2006 ikatoka yote pamoja na filamu, diski 36 katika kasha moja. Mwaka huohuo jeshi la Marekani liliigeuza hospitali yake ya mwisho ya aina ya MASH, ya 212, kuwa ya muundo mwingine. Kazi kubwa ya mwisho ya hospitali hiyo ilikuwa kuwatibu watu wa tetemeko la ardhi la Pakistan la Oktoba 2005, na mahema na vifaa vyake iliwaachia Wapakistani. Mzee hakuishi kuyaona hayo. Mwanawe alinipa lile kasha la kwanza, na mengine nikajinunulia.

Sasa kipindi kinapatikana kwa intaneti, na binti yangu hanielewi kwa nini bado nina mashine ya diski chini ya televisheni. Nilimweleza: huko ninakotazama kwa intaneti, kicheko kimerudi na sioni mahali pa kukizima. Naona ni hasara kubwa. Kazi ya miaka mingi ya watu waliotaka hadhira iaminiwe kwamba inajua pa kucheka ilikuwa imerekebishwa kwa mstari mmoja wa menyu, halafu mstari huo ukaachwa nyuma teknolojia ilipohama.

Binti yangu naye ni muuguzi. Mwaka 2020 alikuwa kwenye wodi ya wagonjwa wa mashine za kupumulia, na alikuwa akirudi asubuhi ananiomba nimwekee M*A*S*H, tena ile yenye kicheko. Nilijaribu kumshawishi, nikamtolea hoja zote hizi za Gelbart na chumba cha upasuaji. Aliniambia, “Mama, kule nilikotoka kimya ni kingi. Nataka nisikie watu wengi wakiwa pamoja chumbani.” Nikakirudisha kicheko. Tulitazama Padri Mulcahy akishinda bahati nasibu, umati ukaangua, na binti yangu akasema hata hivyo angependa kujua Luteni Dish alilipwa nini kwa kupoteza wikiendi yake.