Tambi za foleni jijini Mwanza

Tambi tunazozijua Busawe ni zile za pakiti dukani. Zinakaangwa kidogo, zinatiwa maji na sukari, na watoto wanagombea ukoko. Kwa hiyo rafiki yangu niliyesoma naye shule ya msingi aliponitumia picha za mgahawa wa Mwanza ambako watu wanapanga foleni kula tambi za Kichina, nilimwambia hizo haziwezi kunitoa Serengeti. Akajibu, "Njoo kwanza, utabisha ukiwa hapa." Miaka miwili hajakanyaga nyumbani. Nikaenda.

Safari yenyewe si haba. Ukitoka Bunda kuelekea Lamadi, hifadhi iko kushoto na upande wa ziwa ni kulia, na ukibahatika unaona wanyama bila kulipa kiingilio. Alinipokea stendi ya Nyamhongolo, moja kwa moja tukaenda kupanga foleni.

Tulisimama dakika arobaini. Vijana mbele yetu walipiga picha bakuli hadi mvuke ukaisha, jambo ambalo mpishi yeyote angelikasirikia. Ila kumwangalia mpishi wao nyuma ya kioo kulinifurahisha: anavuta donge la ngano, analikunja, anavuta tena. Kila mkunjo unazidisha nyuzi mara mbili, hivyo mikunjo minane inatoa nyuzi 256.

Bakuli ni shilingi 18,000. Kwa pesa hiyo Busawe unapata jogoo, na mchuzi unabaki hadi kesho. Lakini niseme ukweli: supu ile ya mifupa ilikuwa nzito na tamu, na tambi zilikuwa laini bila kulegea. Vijiti vilinishinda, nikaomba uma. Ningekula tena, ila siku ya kazi, na bila foleni.

Nilimweleza rafiki yangu kuwa mwaka 2005 watafiti waliandika habari za bakuli la tambi lenye umri wa miaka kama 4,000, lililofukuliwa Lajia nchini China. Walisema tambi hizo hazikuwa za ngano bali za nafaka ndogondogo, za aina inayokaribiana na ulezi wetu.

"Kumbe ulezi wa mama ungefaa," akacheka. Kisha akaweka vijiti chini. "Mwambie Desemba siji."

Nilimjibu kwamba mama yake ana simu. Akanyamaza, akazungusha tambi zilizobaki, mwishowe akapiga, sauti akaiweka juu ili nami nisikie.

"Mnakula nini huko?" mama akauliza baada ya salamu.

"Tambi, mama."

"Za sukari?"

"Hapana, za supu ya nyama."

"Aa! Tambi na nyama!" Akacheka sana, kisha akauliza, "Sasa unakuja lini? Ulezi wako nimeuweka."

Rafiki yangu alinitazama. "Januari, mama. Naomba likizo kesho."